Kilemba cha Pikapu na Debe la Kwala

Juzi nilikuwa Maili Moja, Kibaha, natafuta usafiri wa kurudi nyumbani Kisarawe, nikamwona kijana amepanda juu ya kichwa cha lori lake. Alikuwa anafunga kitu cha plastiki kilichobinuka kama nusu ya mtungi. Nikamuuliza ni kitu gani.

"Shikamoo, mzee. Hii inakata upepo. Gari linakula mafuta kidogo."

"Marahaba. Umepima?"

Akacheka. "Mzee, hii ya kisasa. Inapimwa ya nini?"

Nilikuwa na jibu, tena refu, lakini mimi ni mtu wa haya tangu utotoni, na maneno yangu hunijia nikishafika nyumbani. Ndiyo maana naandika. Nilisoma mpaka darasa la nne, na mkono wangu mzito. Ukurasa mmoja hunimalizia asubuhi nzima. Lakini jambo hili nalijua! Nyinyi vijana mnaovuta matela, sikilizeni. Hicho kitu cha kukata upepo sisi tulikifunga wakati wa Mwingereza, kwa mbao za masanduku ya chai na turubai, na tulikipima kwa kopo. Nitawaambia kama kinasaidia au hakisaidii, lakini itabidi pia niwaambie kosa langu, maana jibu limo ndani ya kosa.

Tela letu halikuwa la mizigo. Lilikuwa nyumba. Lilikuwa na kuta za mbao zilizopakwa rangi nyeupe, madirisha mawili yenye pazia, kitanda, jiko la mafuta ya taa, na meza moja ndefu ya kulaza wagonjwa wa macho. Lilikuwa refu kwenda juu na mbele yake lilikuwa bapa kabisa, kama kabati. Lilivutwa na pikapu, na mwenye kuendesha pikapu hiyo nilikuwa mimi, Rajabu, kijana wa miaka ishirini na mbili.

Kuvuta tela kwenda mbele si kazi. Kazi ni kurudi nyuma. Ukitaka tela liende kushoto, usukani unauzungusha kulia, na mkono wako unakataa kuamini. Wiki yangu ya kwanza niliirudisha ile nyumba mpaka katikati ya migomba ya watu pale Soga. Mwenye migomba alitoka, akatazama, akaniuliza kwa upole, "Mnahamia?"

Tulikuwa watu watatu. Daktari alikuwa Mzungu mrefu asiyependa kelele. Kiswahili alijifunza bara, na alikitoa polepole neno kwa neno. Alikuwa na pikipiki yake, akitutangulia kila kituo ili wagonjwa wakusanyike. Nyuma tulifuata mimi na dresa wake, Yohana, yule aliyesafisha vidonda na kutia dawa. Yohana alikuwa Mnyamwezi na mimi Mzaramo, watani, kwa hiyo ndani ya pikapu hakukuwa na amani. Siku ya kwanza tu aliniambia, "Mzaramo akipewa usukani, gari linafuata ngoma ilipo." Jibu lake nililipata baada ya siku tatu, tukiwa tunakula, na yeye alikuwa ameshasahau swali.

Safari yetu ilianzia Kisarawe, tukateremka Pugu, tukazunguka pembeni ya mji wa Dar es Salaam, tukaingia barabara ya Morogoro mpaka Kibaha, kisha Tangini, kisha njia ya mchanga hadi Soga, halafu tukarudi vilevile. Tulipewa madebe manne ya petroli kwa kila mzunguko. Hatukuongezewa hata tone. Na kila tuliporudi Kisarawe, tangi lilikuwa karibu kavu.

Mbele ya Soga kuna Kwala. Na Kwala alikuwepo shangazi yangu Mwanaidi, dada wa baba, aliyenilea mama alipofariki. Alikuwa na vikope. Nyinyi wa siku hizi pengine hamuujui ugonjwa huo: kope zinageukia ndani, kila ukipepesa zinakwaruza jicho, na jicho linakwisha polepole. Shangazi alikuwa akizing'oa kope zake kwa kibanio, zinaota tena, anang'oa tena. Nilimsihi aje kituoni Soga. Alikataa. "Jua lenyewe silivumilii, mwanangu. Na nikienda mimi, hawa wenzangu watapelekwa na nani? Leta hiyo nyumba yako hapa."

Ilinichukua miezi miwili kupata ujasiri wa kumwambia Daktari. Alinisikiliza, akafungua ramani, akapima kwa kidole.

"Kwenda Kwala na kurudi ni debe moja zaidi, Rajabu. Nipatie debe moja, nitakwenda."

Debe moja! Kuanzia siku hiyo nililiona debe hilo kila mahali.

Aliyeanzisha mambo yote ni Yohana, kwa kulalamika. Ulikuwa msimu wa mvua na kumbikumbi walikuwa wengi. Tulipofika Kisarawe ule uso bapa wa tela ulikuwa umejaa kumbikumbi waliokufa, wamegandamana kama ugali uliopakwa ukutani. Yohana alikuwa anawakwangua kwa kisu huku akilaani. Akapita fundi Kibwana, mfua bati wa pale sokoni, mzee mfupi mwenye sauti kubwa, aliyewatengenezea watu ndoo, vibatari na makarai. Akasimama.

"Hebu acha kukwangua!"

Akasogea, akaweka kiganja ukutani. Chini, palipokingwa na kichwa cha pikapu, ukuta ulikuwa safi. Juu ya kichwa cha pikapu, kumbikumbi tele.

"Unaona upepo unapopiga?" akasema. "Wote hapa juu. Mimi nabeba mabati kichwani tangu kijana. Ukilisimamisha bati wima dhidi ya upepo, linakurudisha nyuma hatua tatu. Ukiliinamisha, unatembea kama huna kitu. Nyinyi mnasukuma bati wima toka Kisarawe hadi Soga! Petroli itabakije?"

Nilimwona shangazi, nikaliona debe. Nikasema, kwa sauti ambayo Yohana alidai hajawahi kuisikia, "Fundi, tengeneza!"

Daktari tulipomwambia alisema upepo haunywi petroli. Lakini hakutukataza.

Kilemba cha kwanza, maana ndivyo watu walivyokiita mara moja, kilikuwa cha bati tupu. Fundi alilikunja, akalilaza juu ya keria ya pikapu, ile chanja ya mizigo juu ya paa, likainama kutoka juu ya kioo kuelekea juu ya tela. Lilikuwa zuri, linang'aa. Tulipoingia lami likaanza kuimba. Kwanza lilinguruma kama nyuki, kisha likalia kama watu ishirini wanaopiga madebe. Kibamba kuku walikimbia, mbuzi walikata kamba. Karibu na Kiluvya nikasikia *paa!* na kelele ikakoma ghafla. Nikashukuru Mungu, nikadhani limezoea.

"Rajabu," Yohana akasema akitazama nyuma, "kilemba chako kimeshuka njiani."

Tulikikuta katikati ya shamba la mihogo. Mama mwenye shamba alikuwa ameshakisimamia, mikono kiunoni. "Kimeanguka kwangu, ni changu." Sikuweza kubishana na mama wa watu. Kwa mwaka mzima tukipita pale tulikiona juu ya banda lake la kuku.

Cha pili ndicho kilichokuwa kilemba kweli. Fundi alitafuta masanduku ya chai kwa Wahindi wa dukani, yale ya mbao nyembamba. Akaziloweka mbao siku mbili, akazikunja juu ya pipa zikiwa mbichi, akazifunga kwa kamba ya mkonge mpaka zikakauka na umbo lake. Juu akavika turubai, akapigilia, akapaka rangi mara tatu. Kila bolti aliiwekea nati mbili, ya pili inaikaba ya kwanza isilegee. Hilo lishikeni, vijana: nati mbili.

Halafu akafanya jambo ambalo mpaka leo nalishangaa, maana hakusoma hata darasa moja. Alichana kanga kuukuu ya mkewe vipande virefu kama vidole, akavibandika kwa gundi uso mzima wa tela. "Upepo hauonekani," akasema, "lakini vitambaa vinaonekana." Akamlaza Yohana chali nyuma ya pikapu, uso wake ukiutazama uso wa tela, mimi nikaendesha kwenye lami.

"Vinasemaje?" nilipiga kelele dirishani.

"Vya chini vimelala! Vya juu vinacheza ngoma ya kwenu!"

Tukasimama, fundi akainua kilemba shubiri moja. Tukaondoka tena.

"Sasa?"

"Vya juu bado viwili vitatu!"

Nusu shubiri nyingine. Tukaondoka mara ya tatu, nikavuta gia ya mwisho, na mara nikasikia Yohana anapiga bodi kwa ngumi zote mbili. "Vimelala! Vyote vimelala! Mzaramo, vimelala!" Nikasimamisha gari katikati ya barabara, tukashuka, tukakumbatiana watu watatu kama tuliorudi vitani. Waliopita kwa baiskeli walitutazama wakaenda zao.

Ilibaki kupima. Hapo fundi akawa mkali. Tangi tulimwaga lote mpaka tone la mwisho, tukatia madebe manne. Tulichukua kopo moja kubwa. Makopo kumi na sita yalijaza debe moja kamili. Gari lilisimama mahali palepale, tambarare mbele ya boma la serikali, maana siku ya kwanza tulipima likiwa limeinua pua tukapata hesabu ya uongo. Safari ya kabla ya kilemba tulirudi na makopo mawili. Hiyo ndiyo ilikuwa kawaida yetu.

Tukaenda mzunguko mzima na kilemba. Kisarawe, Kibaha, Tangini, Soga, tukarudi. Daktari mwenyewe alisimama pale boma akitazama tukimwaga petroli iliyobaki. Fundi alihesabu kwa sauti na watu wa sokoni wakaitikia. "Moja! Mbili! Tatu!" Kufikia nane watu walikuwa wanapiga makofi. Kumi na moja. Kumi na tatu. Kopo la kumi na tano lilijaa mpaka mdomoni, tangi likakauka.

Kumi na tano! Limebaki moja tu kutimia debe!

Daktari alimshika mkono fundi Kibwana, akanishika mimi, akamshika Yohana. Akasema kwa Kiswahili chake cha polepole, "Nilisema upepo haunywi petroli. Nilikosea. Mwezi ujao tunakwenda Kwala." Siku ileile akatuma habari kwa jumbe wa Kwala kwamba wagonjwa wa macho wakusanyike. Nami nikamtumia shangazi salamu: nakuja na nyumba.

Wiki mbili nilitembea kama niliyeoa. Kisha Daktari akaniita.

"Rajabu, kwa kuwa petroli sasa ipo, tutachukua pia vitanda vinne na mapipa mawili ya maji. Kwala wagonjwa watakuwa wengi."

"Ndiyo, bwana," nikasema, maana neno langu kwa wakubwa lilikuwa hilo moja.

Nilikwenda kuosha gari. Nilipokuwa nasugua keria, chini ya kilemba, mkono wangu ukagusa unga mweusi uliojificha kwenye pembe ya chuma. Vumbi la mkaa. La zamani. Nikasimama na kitambaa mkononi, na furaha yote ikanitoka kama upepo wa tairi.

Sasa ndipo kosa langu linapoingia.

Gari lile lilikatazwa kubeba mtu au mzigo usio wa wagonjwa. Dereva aliyenitangulia alifukuzwa kazi kwa ajili ya abiria wawili na mbuzi. Mimi nilijua. Lakini hebu niambieni: mzee aliyenishika mabega siku ya jando langu amesimama kando ya njia, ana magunia mawili ya mkaa, ananyoosha mkono, "Mwanangu Rajabu, nifikishie kwa dada yako Kibamba." Nitampitaje? Nikimbeba yeye, wa Kiluvya ataniambia nini? Na mama wa Tangini mwenye nazi? Wote ni wazee wangu, na mimi sikuwa na mdomo wa kukataa. Daktari alikuwa mbele na pikipiki, haoni. Keria ilikuwa inajaa kuanzia Pugu. Yohana alinitania, "Hili si gari la macho, ni soko," lakini kuku wa kupewa alikula.

Na katika ule mzunguko wa kilemba, keria ilikuwa imekaliwa na kilemba, na nyuma ya pikapu pamejaa masanduku ya dawa. Mzee wa jando alinyoosha mkono, nikaonyesha juu kwa kidole, akaona hapana nafasi, akashusha mkono mwenyewe. Kiluvya hivyohivyo. Tangini hivyohivyo. Sikumkatalia mtu hata mmoja, kilemba kilinikatalia. Nilipita moja kwa moja, bila gunia na bila kusimama. Nilifurahi mno hata sikufikiri.

Kwa hiyo yale makopo kumi na tano, ni mangapi yalikuwa ya upepo na mangapi ya mkaa? Sikujua. Nilichojua ni kwamba vitanda vinne na mapipa mawili ya maji ni magunia yaleyale yamebadili sura. Tukiyapakia, tutakauka porini kabla ya Kwala, na shangazi atakaa anasubiri. Na nikimweleza Daktari, nitakuwa nimejifukuzisha kazi kwa mdomo wangu.

Nilimwambia Yohana kwanza. Hakunitania, na hapo nikajua jambo ni zito. "Ukinyamaza," akasema, "utaendesha gari mpaka liishiwe. Ukisema, huenda ataendesha mtu mwingine, lakini litafika. Shangazi ni wako."

Kesho yake asubuhi nilimkuta Daktari anakunywa chai mlangoni pa tela. Nilisema yote: mzee wa jando, mkaa, nazi, kuku. Nilisema nikitazama kikombe chake, si uso wake. Alikiweka kikombe chini.

"Kwa nini unaniambia leo?"

"Kwa sababu mapipa yale ya maji, bwana, ni mkaa. Tukiyapakia hatufiki."

Nilingoja aseme, "Lete ufunguo." Akasema, "Lete kopo."

Akaamuru kilemba kishushwe, na mzunguko ule aliiacha pikipiki akakaa nami mbele. Watu njiani walinyoosha mikono, wakamwona Mzungu, wakashusha. Hatukuwa na mzigo, hatukuwa na kilemba. Tuliporudi boma tukamwaga petroli. Fundi Kibwana alihesabu, safari hii bila watu wa kuitikia. Yakawa makopo kumi na moja.

Hesabuni nami, maana jibu ndilo hili. Pamoja na magunia na kusimamasimama, tulibakiwa na mawili. Bila magunia, kumi na moja. Kwa hiyo mizigo ya haya zangu ilikuwa inakunywa makopo tisa. Kilemba kikiongezwa, kumi na tano. Kwa hiyo kilemba kiliokoa makopo manne.

Nilimwogopa fundi. Nilidhani tumemvunjia heshima. Alitazama lile kopo, akanitazama, akaangua kicheko hadi akajishika mbavu. "Kumbe sehemu kubwa ya kazi ya kilemba changu ilikuwa kuketi mahali pa gunia! Lakini manne ni yangu. Manne hayo hakuna wa kuninyang'anya!"

"Ni yako, fundi," Daktari akasema. Kisha akanigeukia. "Gunia jingine, Rajabu, utalibeba kwa miguu yako. Kumi na tano tunayo. Kwala inataka kumi na sita. Vitanda na mapipa vibaki, maji tutachota mtoni Ruvu. Hilo kopo moja lililopungua utalipata wapi?"

Nikasema, "Mguuni, bwana."

Na nililipata mguuni. Vijana, hapa tegeni sikio. Nilijaza tairi zote upepo, za tela pia, maana tairi laini kwenye lami ni kama kuvuta kinu. Nilihamisha masanduku ya dawa toka nyuma ya pikapu yakae juu ya ekseli ya tela, si nyuma kabisa, tela lisiyumbe. Nilitembea kwenye lami kwa mwendo ambao kilemba kinafanya kazi lakini injini hailii, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba kwenye mchanga wa Soga, gia ya pili, kilemba ni pambo tu. Upepo haukupigi kama huendi. Nilipoona mlima mbele nilijiandaa mapema, nilipoona mteremko niliondoa mguu mapema, nikakaa siku nzima sijakanyaga breki ila mara chache. Yohana alisinzia, akaamka, akauliza, "Tumesimama?"

Tukafika Kwala! Watu walikuwa wamekusanyika tangu alfajiri, wanawake kwa wanaume, wameziba macho kwa vitambaa dhidi ya jua. Daktari alifanya kazi siku tatu. Shangazi alikuwa wa sita. Nilisimama nje ya tela nikisikia anamwuliza Yohana, "Wewe kabila gani?" na Yohana anajibu, na shangazi, kope zake zikikatwa na kushonwa, anasema, "Basi nimekwisha, Mnyamwezi kanishika kichwa!"

Siku ya kuondoka, Daktari alishatangulia na pikipiki. Shangazi akaja ameshikwa mkono, macho yote mawili yamefungwa bandeji. Nyuma yake vijana wawili wamebeba gunia la mpunga.

"Rajabu, mwanangu. Huu ni wa kaka yangu. Juu mmeweka kilemba, nimeambiwa, lakini nyuma ya pikapu pana nafasi. Pakieni, wanangu."

Gunia la baba yangu mzazi, limetoka kwa shangazi yangu, mbele ya kijiji kizima. Daktari hayupo. Yohana akanitazama. Kijiti changu cha kupimia tangi nilikuwa nacho mkononi, nilikuwa nimetoka kukitumbukiza, na alama iliyolowa ilikuwa ndogo.

"Hapana, shangazi."

Wale vijana wakasimama na gunia hewani.

"Nani kasema hapana?" shangazi akauliza, akigeuza kichwa chenye bandeji huku na huku.

"Mimi."

"Wewe nani? Rajabu wangu hana neno hilo."

"Ndiye, bibi," Yohana akasema. "Leo ndiyo kwanza limemtoka."

"Gari hili likibeba gunia, shangazi, mwezi ujao halifiki hapa. Na bandeji hizo zinataka kufunguliwa na Daktari, na wenzako bado wapo kwenye foleni."

Shangazi akawapungia mkono wale vijana. "Shusheni. Kaka yangu ana miguu, na treni ipo. Atakuja kuufuata mwenyewe." Halafu akanitafuta kwa mkono, akanishika sikio kama nilipokuwa mdogo, akalivuta. "Ila ukishajua kusema hapana, usianze kunikatalia na chakula."

Tulipofika Kisarawe tulimwaga tangi mbele ya boma. Likatoka kopo moja, halikujaa vizuri. Nawaapieni, sijawahi kuona petroli nzuri kama ile.

Basi kijana wa Maili Moja, kama maandishi haya yatakufikia: kinasaidia. Kwa tela refu, kwenye lami, ukienda mwendo, kinasaidia makopo yake manne, na yashukuru. Lakini kabla hujapanda juu ya kichwa cha lori na spana, tazama umebeba nini, tairi zikoje, na mguu wako unafanya nini. Kisha pima, uondoe, upime tena.

Mwezi uliofuata tulikwenda Kwala tena. Shangazi alikuwa kando ya njia, bandeji zilikuwa zimefunguliwa siku mbili kabla. Daktari alitangulia kwa kusudi hilo. Nilisimamisha gari. Hakunitazama mimi. Alikuwa amekodolea macho juu ya pikapu, ameyakodoa kabisa, hayapepesi, hayatoi chozi.

"Ndicho hiki mlichonisifia?" akasema. "Rajabu, mbona kibaya hivi!"